Jibu Kabla Fuvu Halijafungwa

Januari 1905, katika kliniki ya ndugu wawili wa ukoo wa Mayo mjini Rochester, Minnesota, mpatholojia Louis Wilson aliweka kinyama cha mgonjwa nje ya dirisha. Baridi ya Minnesota mwezi huo haina mzaha. Kinyama kikaganda, akakikata vipande vyembamba, akavipaka rangi ya bluu na kuvitazama kwa darubini. Aliyemsukuma kufanya hivyo alikuwa daktari wa upasuaji William Mayo, aliyetaka kuambiwa kama anachokikata ni saratani au la, mgonjwa akiwa bado mezani. Wilson akampa jibu kwa dakika chache.

Kwa zaidi ya miaka mia moja mazungumzo kati ya chumba cha upasuaji na maabara yamekuwa ya namna hiyo. Daktari anakata, mhudumu anakimbiza sampuli, mpatholojia anatazama, simu inalia. Upasuaji wa ubongo una ufundi wake wa ziada. Ubongo ni laini na umejaa maji, kwa hiyo ukigandishwa haraka hutobolewa na chembe za barafu na seli hupoteza sura. Ndiyo maana wapatholojia wengi hupenda kukibana kipunje cha kinyama kati ya vioo viwili, kuviburuta mpaka viachane, kisha kukipaka rangi. Harvey Cushing, anayehesabiwa kuwa baba wa upasuaji wa ubongo Marekani, na mwenzake Louise Eisenhardt walieleza njia ya aina hiyo mwaka 1930. Ni nafuu, ni ya dakika chache, na kwa uvimbe wa aina nyingi bado inatosha kumwelekeza daktari siku hiyo.

Lakini tangu mwaka 2008 majina yenyewe ya magonjwa yamehama. Mwaka huo watafiti waliokuwa wakisoma jeni za glioblastoma, saratani kali kuliko nyingi za ubongo, walikuta baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni iitwayo IDH1. Wenye hitilafu hiyo walikuwa na umri mdogo zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake wa 2016 likaingiza vinasaba ndani ya jina la ugonjwa, na toleo la 2021 likaenda mbali zaidi. Glioma (uvimbe unaotokana na seli zinazoutegemeza ubongo) zinazosambaa ubongoni mwa watu wazima sasa ni mafungu matatu: astrosaitoma yenye hitilafu ya IDH, oligodendroglioma, yenye hitilafu hiyo pamoja na upotevu wa vipande vya kromosomu ya 1 na ya 19, na glioblastoma, isiyo na hitilafu ya IDH kabisa. Seli zinazofanana mno kwenye kioo zaweza kuwa magonjwa mawili yenye hatima tofauti. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya na Kanada uliochapishwa 2005, nusu ya wagonjwa wa glioblastoma waliopata mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi walikuwa wamefariki ilipofika miezi 14.6. Katika jaribio la Marekani liitwalo RTOG 9402, wagonjwa wa oligodendroglioma kali waliopotelewa na vipande vile vya kromosomu walipopewa mionzi na dawa, ilichukua miaka 14.7 kufikia nusu hiyo. Waliopewa mionzi peke yake, miaka 7.3.

Vipimo vya kawaida vya vinasaba huleta jibu baada ya siku au wiki, fuvu likiwa limefungwa zamani. Ndipo likaja wazo linalozishughulisha maabara za Utrecht, New York, Boston, London na Nagoya: kuisoma molekuli ya uvimbe saa ile ile ya upasuaji.

Mjadala huu huvurugika kwa sababu maswali mawili hufungwa katika fungu moja. La kwanza ni: hiki ni nini? La pili ni: kinaishia wapi? Mashine inayojibu moja mara nyingi haijibu jingine, na faida ya kila jibu kwa mgonjwa si sawa. Taarifa za habari zinazosifu kipimo cha dakika kumi au tisini hazisemi ni swali lipi limejibiwa, na msomaji huachwa akidhani yote mawili.

Tuanze na utambulisho. Je, daktari akijua jina kamili la ugonjwa wakati fuvu liko wazi, mkono wake utafanya jambo tofauti? Wakati mwingine ndiyo, na kwa kishindo. Limfoma ya ubongo ni mfano ulio wazi kuliko yote. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa, hasa methotreksati kwa dozi kubwa. Kuukata mwingi humwongezea mgonjwa hatari bila faida inayolingana nayo. Daktari akiambiwa mapema kuwa ni limfoma, huchukua kinyama cha kutosha na kufunga. Tatizo ni kwamba mgonjwa huwa ameanzishiwa deksamethasoni ili kupunguza kuvimba kwa ubongo, na dawa hiyo huziyeyusha seli za limfoma kwa muda. Kinyama kikifika kwenye darubini, mpatholojia anaona seli zilizokufa na dalili za kuvimba kwa kawaida, basi. Hapo ndipo vinasaba vingeweza kusema kile ambacho macho hayakuona.

Mfano wa pili ni watoto. Uvimbe ulio kisogoni, karibu na shina la ubongo, waweza kuwa ependimoma au medulablastoma. Kwa ependimoma, kuondoa kila kilichobaki ndilo jambo kubwa katika hatima ya mtoto, na daktari ana sababu ya kufuatilia hata kipande cha mwisho. Kwa medulablastoma mambo yamebadilika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Oncology, wa wagonjwa 787, ulionyesha kwamba ukishahesabu kundi la vinasaba la uvimbe, faida ya kung'oa masalia madogo inafifia sana. Wakati huo huo, kati ya watoto wanaopasuliwa medulablastoma, karibu mmoja katika wanne hupata hali ya kunyamaza: anaamka hasemi, hata kwa wiki au miezi, na wengine hubaki na udhaifu wa kudumu. Kipande kilichogandamana na shina la ubongo kinaweza kuachwa kwa mtoto mwenye medulablastoma na kufuatwa kwa mwenye ependimoma. Sijui uamuzi mwingine wa upasuaji ambao jina la ugonjwa lina uzito kiasi hicho.

Kwa upande wa watu wazima, hoja ni dhaifu kidogo. Astrosaitoma yenye hitilafu ya IDH inaonekana kunufaika na ukataji mpana. Oligodendroglioma husikia dawa na mionzi vizuri, kwa hiyo daktari anayekaribia sehemu ya kusemea anaweza kuridhika mapema. Tangu Agosti 2024 Marekani imeruhusu vorasidenibu, kidonge kinachozuia kimeng'enya chenye hitilafu hiyo. Katika jaribio lililotangulia, wagonjwa waliokinywa walikaa miezi 27.7 kabla ugonjwa haujasonga mbele, dhidi ya 11.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa mwenye dawa ya namna hiyo mbele yake ana sababu moja zaidi ya kutohatarisha usemi wake mezani. Hata hivyo, ukimuuliza daktari wa upasuaji kwa faragha atakwambia kwamba glioma ya aina yoyote huiondoa kwa kadiri ubongo unavyoruhusu. Jina likibadilika, mara nyingi mkono hausogei hata sentimita. Jambo hili husemwa kwa sauti ndogo mno.

Kati ya njia za kujibu swali la kwanza, iliyonivutia zaidi ni ya Utrecht, Uholanzi. Chanzo chake ni Heidelberg, Ujerumani, ambako mwaka 2018 timu kubwa ya watafiti ilichapisha orodha ya alama za methili. Hizi ni vikundi vidogo vya kemikali vinavyobandikwa juu ya DNA na kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi ilale. Kila aina ya seli ina mpangilio wake, na seli ya saratani hubeba mpangilio wa asili ilikotoka. Wajerumani walikusanya sampuli 2,801 wakazipanga katika madarasa 91, tisa kati ya hayo yakiwa ya tishu zisizo uvimbe. Walipojaribu orodha hiyo kwa wagonjwa wapya 1,104, asilimia 12 walibadilishiwa jina la ugonjwa. Ni idadi ya kumtoa mpatholojia jasho. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa cha siku kadhaa.

Utrecht walileta mashine nyingine. Kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza hutengeneza kifaa cha kutosha kiganjani, chenye bamba lililojaa vitundu vya protini. Mkondo wa umeme hupita kwenye kila kitundu. DNA ikivutwa kupitia hapo kama uzi kwenye tundu la sindano, kila herufi hubadilisha mkondo kwa namna yake, na herufi yenye alama ya methili huubadilisha kwa namna nyingine. Kwa hiyo kifaa kinasoma herufi na alama kwa pamoja, tena papo hapo, matokeo yakimiminika kwenye kompyuta huku kazi ikiendelea.

Kikwazo ni muda. Kwa nusu saa kifaa husoma sehemu ndogo tu, tena iliyotawanyika kiholela: mgonjwa huyu zinasomwa alama hizi, yule alama zile. Jeroen de Ridder wa hospitali ya chuo kikuu cha Utrecht, Bastiaan Tops wa kituo cha saratani za watoto cha Princess Máxima na wenzao wakaifundisha kompyuta kwa mifano iliyopunguzwa makusudi. Walichukua sampuli zinazojulikana, wakafuta karibu zote, wakabakiza vipande vya kubahatisha kama ambavyo kifaa kingeviona, wakairudia kazi hiyo mara nyingi mno. Programu waliipa jina Sturgeon. Katika makala yao ya Oktoba 2023 kwenye jarida la Nature, dakika 40 baada ya kuanza kusoma ilitoa jibu sahihi kwa sampuli 45 kati ya 50 zilizokuwa zimehifadhiwa. Kisha wakaipeleka kwenye upasuaji halisi 25. Kuanzia kinyama kufika hadi jibu kutoka hazikuzidi dakika 90. Waliopata jibu sahihi walikuwa 18. Kwa wale 7 waliobaki, programu haikufikia kiwango cha uhakika kilichowekwa, kwa hiyo haikutoa jina lolote.

Gazeti litaandika asilimia 72 na kuona ni kidogo. Mimi naona hizo 7 ndizo sifa kubwa ya kazi yote. Chombo kinachonyamaza kisipojua kinaweza kukaa karibu na daktari mwenye kisu mkononi. Kile ambacho kila mara kina jibu ni cha kuogopwa. Na kunyamaza hakumdhuru mgonjwa, kwa kuwa mpatholojia na kioo chake wapo pale pale.

Njia fupi zaidi ni kuacha kuuliza maswali yote na kuuliza moja. Mwaka 2015 timu ya Boston ilionyesha kwamba hitilafu muhimu za glioma zinaweza kutafutwa kwa takriban saa moja. Nagoya, Japani, wameshusha hadi dakika 25 kwa IDH1 na jeni nyingine iitwayo TERT. Mapema 2025 watafiti wa NYU Langone, New York, walieleza kipimo cha matone cha dakika 15, walichokijaribu kwa sampuli 75 za wagonjwa 22. DNA hugawanywa katika maelfu ya matone, kila tone hupimwa peke yake, na matone yenye hitilafu huhesabiwa. Hesabu hiyo ndiyo yenye thamani. Kipimo hakisemi tu kwamba hitilafu ipo. Kinasema ni seli ngapi zinayo, na kwa hiyo ukikipelekea kinyama cha ukingoni kinaweza kukwambia saratani imekonda kiasi gani mahali hapo. Ni mojawapo ya vipimo vichache vinavyogusa maswali yote mawili. Udhaifu wake ni huo huo wa kuuliza moja: kama uvimbe hauna hitilafu unayoitafuta, huambiwi kitu, na glioblastoma kwa tafsiri yake haina hitilafu ya IDH.

Swali la pili, la mpaka, lina historia nyingine. Glioma haina ukuta. Seli zake hutambaa kwenye nyuzi za ubongo wenye afya sentimita kadhaa kutoka mahali picha ya MRI inapoonyesha mwisho, na kwa jicho la daktari ubongo huo unaonekana salama. Hatua kubwa ya kwanza ilitoka Ujerumani. Mgonjwa hunyweshwa asidi iitwayo 5-ALA saa chache kabla ya upasuaji. Seli za saratani huigeuza kuwa rangi inayong'aa wekundu chini ya mwanga wa buluu. Jaribio la 2006 lilionyesha kwamba uvimbe unaoonekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa, dhidi ya 36 kwa waliopasuliwa chini ya mwanga mweupe wa kawaida. Hakuna mashine ya jeni hapo, ni kikombe cha maji na taa. Kati ya vyombo vya kisasa zaidi vinavyofuata hapa, hakuna kilichokuja na ushahidi wa jaribio unaofanana na ule. Udhaifu wake ni kwamba uvimbe wa daraja la chini mara nyingi haung'ai.

Boston walipitia kwenye kemia. Kimeng'enya cha IDH chenye hitilafu hutengeneza dutu iitwayo 2-hidroksiglutarati, ambayo ubongo wenye afya karibu hauna. Nathalie Agar na wenzake katika hospitali ya Brigham and Women's walitumia njia iliyobuniwa na Graham Cooks wa chuo kikuu cha Purdue mwaka 2004: kipande cha tishu kinanyunyiziwa matone yenye chaji ya umeme, matone yanarukaruka na molekuli za tishu, na mashine inazipima uzito. Mwaka 2014 walionyesha kwamba dutu hiyo inaweza kufuatiliwa ndani ya upasuaji kwa dakika chache, kipande kwa kipande, mpaka inapotoweka. London, Zoltan Takats alifunga mashine ya aina hiyo kwenye kisu cha umeme ili inuse moshi wa tishu inayoungua. Kwa matiti na utumbo inapendeza. Kwa ubongo, ambako daktari hutumia zaidi kifaa cha kufyonza kuliko kisu cha kuchoma, haiingii kirahisi.

Kisha kuna mwanga na akili mnemba. Daniel Orringer, Todd Hollon na wenzao wa Michigan na New York hupiga tishu mbichi, isiyogandishwa wala kupakwa rangi, kwa leza zinazofanya mafuta na protini zionekane tofauti. Picha inayotoka hufanana na ya darubini. Mwaka 2020, kwa wagonjwa 278, kompyuta ilitambua ugonjwa kwa usahihi wa asilimia 94.6, wapatholojia kwa njia ya kawaida 93.9, tena kompyuta ikitumia chini ya sekunde 150. Mwaka 2023 waliifundisha kukisia jeni kutokana na sura ya seli, kwa usahihi wa wastani wa asilimia 93.3. Mwaka 2024 wakaja na programu ya kutafuta masalia ya glioma ukingoni kwa sekunde 10. Ilikosa masalia ya hatari kwa asilimia 3.8, ambapo njia za kawaida zilikosa kwa takriban asilimia 25.

Namba hizo ni nzuri, na sina sababu ya kuzitilia shaka. Lakini neno kukisia lisipotee. Mashine ya Utrecht inasoma DNA yenyewe. Ya Michigan inatazama uso na kusema huyu anaonekana kama mwenye hitilafu fulani. Ikikutana na uso usiowahi kuonekana kwenye mafunzo yake, inaweza kukosea bila kujua. Na tafiti zote nilizozitaja za vipimo vya molekuli na picha zimepima kasi na usahihi. Hazikupima kama mgonjwa aliyepimwa mezani aliishi zaidi, au alibaki na usemi na mkono wake, kuliko yule aliyesubiri wiki mbili na ikibidi akarudishwa mezani mara ya pili. Mpaka jaribio la namna hiyo lifanyike, mwenye kusema vipimo hivi vinaokoa maisha anatangulia ushahidi.

Sasa tuje kwetu. Upasuaji wa uvimbe wa ubongo unafanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, unafanyika Kenyatta jijini Nairobi, unafanyika Mulago jijini Kampala, na kwingineko. Pengo kubwa liko upande wa maabara. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara mpatholojia mmoja huhesabiwa kwa watu zaidi ya nusu milioni, na waliobobea kwenye ubongo ni wachache zaidi. Matokeo yake majibu mengi hutoka na jina nusu: glioma, bila kipimo cha IDH, bila cha kromosomu. Mwongozo wa WHO una alama rasmi ya jina la namna hiyo, herufi NOS, kumaanisha vipimo vya kukamilisha havikufanyika.

Kuna jambo la pili ambalo maabara za Ulaya hazilazimiki kulifikiria sana. Kinachoonekana kama uvimbe kwenye kichwa cha mgonjwa wa Mbeya au Kisumu chaweza kuwa kifua kikuu cha ubongo, au mabuu ya tegu wa nguruwe, au toksoplasma kwa mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye pia ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya limfoma ya ubongo. Yale madarasa 91 ya Heidelberg hayana darasa la kifua kikuu. Sampuli zilizoyajenga zilitoka zaidi kwenye hospitali za Ulaya na Marekani, na hali ni hiyo hiyo kwa picha za leza. Mpatholojia mwenye vioo viwili na uzoefu wa nyumbani ataona chembechembe za kifua kikuu kwa dakika kumi na kumwambia daktari aweke kisu chini. Mashine isiyofunzwa itafanya nini na kinyama hicho? Bora inyamaze, na tumeona kwamba si kila mashine inajua kunyamaza. Kwa hospitali za kwetu, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si la kasi. Ni hili: mlijaribu kwa wagonjwa wa wapi?

Pamoja na hayo, kifaa cha vitundu si kigeni huku. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome huko Kilifi walikitumia kusoma virusi vya korona. Kabla ya hapo wanasayansi wa Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na Laura Boykin, aliyekuwa akifanya kazi Australia, walikibeba hadi mashambani na kutambua virusi vya muhogo kwa saa chache, mkulima akiwa amesimama kando. Basi ujuzi upo, tena umefika shambani kabla ya kufika thieta. Kinachokosekana ni mnyororo: mabamba ya kusomea, ambayo kila moja ni mamia ya dola na huharibika yakikaa, vitendanishi vinavyotaka baridi, umeme, na mtu anayelipwa kuifanya kazi hiyo kila wiki, hata mradi wa wafadhili ukiisha.

Kama ningeulizwa nini kitangulie, ningeweka kwanza kipimo kile cha kubana kinyama kati ya vioo viwili, kifanyike katika kila upasuaji wa uvimbe wa ubongo. Pili, kingamwili za kupaka kwenye kioo: moja tu, ya hitilafu ya IDH1 iliyozoeleka, hukamata takriban asilimia 90 ya hitilafu zote za IDH kwenye glioma. Wapatholojia wa ubongo wa Asia na Oceania wameshatoa mwongozo wa kupanda ngazi hizi kwa nchi zenye uwezo mdogo, na sioni sababu ya sisi kubuni upya. Kifaa cha vitundu kije cha tatu, na kisihangaike kukimbizana na daktari mezani. Kitoe jibu kwa siku mbili au tatu.

Kwa maana kasi tunayoihitaji ni nyingine. Mgonjwa aliyetoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, akapasuliwa, akaruhusiwa na kupanda basi, mara nyingi jibu lake huja akiwa ameshafika. Namba ya simu imebadilika, nauli ya kurudi haipo, mionzi aliyotakiwa kuanza haianzi. Jibu la siku tatu lingemkuta wodini. Hilo lingebadilisha matibabu ya watu wengi kuliko dakika 90 za Utrecht, na kwa fedha pungufu.

Ndugu yako akienda kupasuliwa uvimbe wa ubongo, uliza kabla ya siku yenyewe: kinyama kitapelekwa maabara ipi, jibu litatoka lini, na nani atapiga simu. Omba kipande kihifadhiwe kwenye nta, na kingine kigandishwe kama hospitali ina uwezo huo, kisha andika namba ya sampuli mahali ambapo haitapotea. Kipande kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kupimwa vinasaba hata baada ya miezi. Kilichotupwa hakipimiki.